Ukurasa wa Arobaini na Saba na Kikapu cha Kabichi

Nimestaafu miezi mitatu sasa, na tayari mke wangu amechoka kuniona nyumbani. Mkurugenzi wetu mpya aliponiomba niwaandikie ninyi walimu vijana habari za miaka yangu ya kazi katika kituo chetu cha Katindo, aliyekubali kwanza alikuwa huyo mke wangu, si mimi. Aliniwekea meza barazani, akanipa kalamu, akafunga mlango nyuma yangu. Basi nimekaa. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, maana kituo chetu kilikuwa na vyeo viwili tu: mkurugenzi na wengine. Nitawaeleza habari ya ukurasa mmoja uliokosekana, na ya mama mmoja ambaye nusura nimvunjie harusi ya binti yake kwa sababu ya ukurasa huo.

Sisi wa Goma tunahesabu miaka kwa waasi na kwa volkano. Mimi niliingia kazini wakati wa waasi, kabla ya volkano. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, mtu wa upande wa Bukavu, na shule yangu ilikuwa imefungwa. Nilisikia kwamba muzee mmoja aitwaye Papa Célestin amefungua kituo anachofundisha jinsi ya kusema na watu wakakuelewa. Nikajiambia, kama kuna mji unaohitaji somo hilo, ni huu.

Siku ya kwanza Papa Célestin alinikalisha mbele yake, akanyamaza. Nikakunja mguu, naye akakunja mguu. Nikajikuna pua, akajikuna pua. Nikakohoa, akakohoa. Nilikuwa nimeanza kuutazama mlango kwa hamu aliposema, "Unaona, mwalimu? Sasa mimi na wewe tumeshakuwa marafiki." Mimi sikuhisi urafiki wowote, nilihisi nachekwa. Hilo ndilo lilikuwa somo la kioo, la kwanza katika PNL, elimu ambayo, kwa maneno ya kitabu chake, inapanga upya mawazo ya mtu kwa njia ya lugha. Huko ilikotoka labda watu hawajali kuigwa. Kwetu, kumwiga mkubwa kila anachofanya ni matusi. Muhula huohuo mwanafunzi wetu mmoja alijaribu kioo kwa mukwe wake mtarajiwa. Muzee akikohoa, naye anakohoa. Muzee akishika kiuno, naye anashika kiuno. Walimrudisha nyumbani na ujumbe kwamba aje tena akishapona.

Vifaa vyetu vilikuwa ubao, chaki na kile kitabu. Papa Célestin alikileta kutoka Ubelgiji, na kilikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kurasa nyingine zilikuwa nyeusi kiasi kwamba tulizisoma kwa imani. Mstari uliosomeka vizuri kuliko yote ulikuwa ule wa ukurasa wa kwanza, wenye herufi kubwa: REPRODUCTION INTERDITE, yaani ni marufuku kunakili. Na huo pia tuliufotokopi kila mwaka bila kuuruka.

Orodha ya yaliyomo ilisema kwamba ukurasa wa arobaini na saba unahusu maadili na mipaka ya mtaalamu. Ukurasa huo haukuwemo. Mtu fulani, mahali fulani kati ya Brussels na Goma, alikuwa amechoka kugeuza karatasi. Ukurasa wa arobaini na sita ulimalizika kwa maneno "Mtaalamu asisahau kamwe kwamba", na ule wa arobaini na nane ukaanza "na baadaye mnaweza kupumzika." Papa Célestin aliyasoma yote kwa pumzi moja, bila haya: "Mtaalamu asisahau kamwe kwamba na baadaye mnaweza kupumzika." Kisha tulipumzika, tukanywa chai.

Mimi nilianza kuutafuta ukurasa huo siku afisa mmoja wa waasi alipoingia darasani kutoka kambini na mlinzi wake. Alitaka kujua jinsi ya kufanya watu watii bila kufyatua risasi. Nilimvuta Papa Célestin pembeni nikamuuliza kama tunaruhusiwa kufundisha mtu wa namna hiyo.

"Page quarante-sept ingetuambia," alijibu. "Lakini hatuko nayo. Acha nione."

Akarudi, akamwambia afisa kwa heshima zote kwamba somo la kutiisha watu liko mwisho, na la kwanza ni kusikiliza. Mazoezi yake: amsikilize mlinzi wake dakika kumi na tano bila kumkatiza. Mlinzi alianza kwa woga. Alisema viatu vyake vimetoboka. Akasema mama yake yuko Masisi na hajui kama bado anaishi. Akasema usiku anaposimama zamu huwa anasahau hata jina la adui. Dakika ya nne afisa aliinuka, akasema, "Hii elimu haiko ya jeshi," akaenda zake. Hakurudi tena. Wiki mbili baadaye nilimwona yule mlinzi njiani amevaa viatu vipya, nikafurahi kuliko siku niliyopewa brevet yangu, cheti cha kumaliza mafunzo.

Kisha mlima ukapasuka, na moto ukashuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Tulikimbia kama wote. Papa Célestin aliacha sanduku lake la nguo akabeba kitabu katika mfuko wa plastiki, na tuliporudi alikuwa na shati moja na kurasa zote isipokuwa ule wa arobaini na saba. Kituo kilikuwa kimesalimika. Kati ya nyumba niliyopanga na kituo, hata hivyo, palikuwa na mto wa mawe meusi, na kila asubuhi niliyavuka nikisikia joto kupitia soli ya viatu. Watu walikuwa wamekwisha kuchonga njia kwa miguu yao.

Hapo ukingoni, ndipo nilipomwona Mama Furaha. Alikuwa muuza kabichi, au mashu kama alivyoziita mwenyewe, mtu wa Kibumba, mrefu, mwenye pengo la mbele na sauti ya kuamsha mtaa. Kibanda chake kilikuwa chini ya mawe yale. Wateja wake walikuwa Katindo, ng'ambo, lakini miguu yake ilikataa kukanyaga. Alivushiwa kabichi na wengine, yeye akabaki upande huu akipigia wateja kelele. Siku ya tatu nilisimama, nikajitambulisha kuwa mwalimu wa PNL, nikamwambia ninaweza kumsaidia. Nilikuwa na brevet, na ukosefu wa ukurasa mmoja haukunizuia.

Nilitumia mbinu tunayoiita ankraji. Unamwomba mtu akumbuke siku aliyojisikia mwenye nguvu kuliko zote, na wakati huo anabana kifundo cha kidole, ili siku nyingine akikibana nguvu ile irudi. Mama Furaha alifumba macho, akatabasamu mpaka pengo likaonekana lote.

"Umekumbuka siku gani, mama?"

"Siku ngombe ya jirani ilikula mashu yangu, na ule jirani akaomba musamaha mbele ya batu yote."

Alibana kidole, akaweka mguu mmoja juu ya jiwe, akauondoa. Akabana tena, akauondoa tena. Mara ya tatu watu walikuwa wamekusanyika, na mmoja akauliza kama mimi ni mchungaji au ni mganga. Kwa aibu tu, wala si kwa elimu yoyote, nilichukua kikapu chake nikajitwika kichwani, nikiwa nimevaa koti na tai, nikasema, "Twende, mama. Tukianguka, nitaanguka wa kwanza."

Sikuwahi kubeba kitu kichwani maishani mwangu. Hatua ya tano kikapu kiliinama, kabichi moja ikaanguka ikabingirika juu ya mawe. Mama Furaha aliangua kicheko, akaikimbilia. Alipoishika ndipo akatazama chini akaona amesimama wapi. Akaja akanishika koti kwa nyuma, tukavuka hivyo, mimi nikiyumba na kikapu, yeye akicheka na kulia kwa zamu. Tangu siku hiyo alivuka peke yake.

Mwaka uliofuata Papa Célestin alirudi kwao Bukavu, akaniachia darasa. Nikaona ni wakati wa kuandika silabusi yangu mwenyewe, yenye mifano ya kwetu badala ya ile ya kitabu, iliyohusu watu wanaoogopa lifti. Mfano wangu wa tatu niliuita "Uponyaji wa Hofu Kali". Jina la mgonjwa nililificha kwa ujanja mkubwa. Nilimwita "Mama F., muuza kabichi wa Kibumba, mrefu, mwenye pengo la mbele na sauti kubwa". Niliandika kwamba baada ya dakika ishirini za ankraji alipona kabisa. Kikapu sikukitaja. Niliona hakiendani na elimu.

Mwenye mashine ya fotokopi niliyempelekea silabusi hiyo aliharibu nakala kadhaa. Hakuzitupa. Aliwapa akina mama wanaouza mandazi, kama ilivyo desturi, nao wakafungia mandazi. Wasomi wa Goma wote mnajua kwamba silabusi zetu zinasomwa zaidi na walaji wa mandazi kuliko na wanafunzi. Mimi pia nilijua, lakini nilidhani hilo huwapata walimu wengine.

Wakati huo Furaha, binti yake Mama Furaha, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Katindo. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kukutana mara mbili, na ng'ombe walikuwa wamekubaliwa. Siku moja shangazi yake bwana harusi alinunua mandazi, akala, akanyoosha karatasi ili ajifute mikono, akasoma. Mgonjwa. Hofu kali. Kabichi, Kibumba, pengo. Akaacha kujifuta. Jioni hiyohiyo alituma ujumbe kwamba mazungumzo yamesimama, maana ukoo wao hauwezi kuoa penye ugonjwa wa kichwa, na mambo hayo hurithiwa.

Nilikuwa darasani nikifundisha uaminifu katika mawasiliano mlango ulipofunguliwa. Mama Furaha aliingia akiwa ameshika karatasi yenye mafuta. Alikuwa amevuka mawe yote bila kubana kidole chochote.

"Mwalimu, Mama F. ni nani?"

Nilisema ni mtu yeyote tu, ni mfano.

"Mufano iko na pengo yangu? Mufano inatoka Kibumba na inauzisha mashu? Umeficha jina, ukaacha miye mwenyewe inje! Sasa batu ya Katindo banasema mutoto yangu atazaa bapumbafu. Arusi imekufa, mwalimu. Mutoto analia tangu jana, hakuli. Mimi nilikuonea huruma siku ile na kitunga yako kwa kichwa, na wewe umenifanya mugonjwa?"

Wanafunzi waligeuka wote kunitazama. Mmoja wao alikuwa wakili, Maître tunayemheshimu, aliyekuja kujifunza kushawishi mahakimu. Aliinua mkono kwa furaha ya mtu aliyeona kazi.

"Mama yangu, hapa uko na kesi muzuri," alisema. "Moja, alitoa siri yako bila ruhusa. Mbili, anaandika 'mgonjwa' na 'kupona', na yeye haiko daktari. Tatu, na hii haikuhusu wewe, ile kitabu anafundisha iko imeandikwa kwa page ya kwanza kama ni marufuku kuikopia, na sisi wote tuko nayo hapa." Kisha akanigeukia mimi. "Papa mwalimu, maadili ya kazi yenu iko wapi?"

Nilifungua kitabu nikamwonyesha: arobaini na sita, arobaini na nane. Sijawahi kuona aibu namna ile. Nilijaribu kubana kifundo changu, chini ya meza, na sikukumbuka hata siku moja niliyokuwa na nguvu.

Maître akamwuliza Mama Furaha kama wafungue shtaka. Mama akamtazama kama mtu aliyemwuzia kabichi mbovu.

"Tribinali itanipa nini? Mimi nataka arusi ya Furaha. Mwalimu, dimanche nitawaomba bazee bakutane tena. Na wewe utakuja. Utasema ukweli, yote, na kitunga ndani."

Nilimwambia nitakuja. Siku zile nne kabla ya Jumapili sikulala vizuri. Niliwaza juu ya jina langu, kweli, lakini zaidi niliwaza juu ya yule binti asiyekula, ambaye hakuwahi hata kuniona.

Jumapili nilikaa kwenye ua wa nyumba ya bwana harusi, wazee wa huku upande huu, wazee wa kule upande ule, pombe ya kasiksi katikati, na karatasi ya mandazi juu ya meza kama kitambulisho cha mtu aliyekufa. Furaha na mwenzake walikuwa wamesimama mlangoni, mbalimbali. Msemaji wa upande wa bwana harusi akanipa neno.

Nilisema mimi si daktari. Nilisema mama huyu hakuwahi kuwa mgonjwa, na neno hilo niliweka mimi ili nionekane nimeponya mtu. Nilisema sijui kama mbinu yangu ilifanya kazi, maana alibana kidole mara tatu na hakuvuka, na kilichomvusha ni kabichi iliyobingirika kutoka kikapu nilichokuwa nimejitwika kichwani. Nikamwomba msamaha mbele ya watu wote. Wakati ninasema hivyo nilimtupia jicho Mama Furaha, nikaona amefumba macho, anatabasamu, na anabana kifundo cha kidole kwa nguvu.

Shangazi hakuridhika. Alinitazama kuanzia tai hadi viatu.

"Muwongo. Mwalimu wa kostimu abebe kitunga kwa kichwa? Ni huyu mama alikufundisha kusema vile."

"Ni kweli, tantine," nilisema.

"Basi onyesha."

Waliniletea kikapu, wakakijaza kabichi. Nikainuka mbele ya wazee wa koo mbili, nikajitwika, nikaanza kuvuka ua ule wa mawe. Ujuzi wangu haukuwa umeongezeka. Hatua ya nne kikapu kiliinama, nikakimbilia upande kilikoinamia, kikainama upande mwingine, nikarudi. Kabichi mbili zilianguka, moja ikaenda ikagonga mguu wa msemaji wao. Muzee mmoja aliweka chupa chini asije akaimwaga. Furaha, aliyekuwa hajala siku nyingi, alikaa chini kwa kucheka, na yule kijana akaja kumwinua, na hakumwachia tena mkono.

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Alipokuwa anajifuta machozi, sauti yake ikabadilika.

"Hata mimi," alisema. "Tangu siku ya volkano sijapita kule katikati, kwa mawe. Nikienda misa ninazunguka. Ninasema ni juu ya magoti." Akamtazama Mama Furaha. "Kama huyu iko mugonjwa, sisi wote tuko bagonjwa. Mimina kasiksi, tuendelee."

Wakaendelea. Mimi waliniambia nibaki na kikapu, kwa kuwa Mama Furaha, mama mkwe sasa, alikuwa amechoka, nami nikakibeba hadi ukingo wa mji, mikononi safari hii.

Jumatatu Mama Furaha alikuja tena darasani. "Ile page yenu inakosekana," alisema. "Kamata bic." Nikaandika kwa mkono, neno kwa neno, kama alivyosema:

"Ukitaka kuandika habari ya mutu, umuulize kwanza. Akikatala, uache. Akikubali, umusomee. Ukibadilisha jina, ubadilishe na mashu. Usiseme umeponyesha mutu kama ulimubebea tu muzigo. Na kitu haujue, useme haujue."

Akatia sahihi chini. Niliiweka kati ya arobaini na sita na arobaini na nane, na kwa mara ya kwanza kitabu kilisomeka moja kwa moja. Tangu hapo, mwanafunzi akitaka kuponya watu, kutiisha watu au kuandika juu ya watu, nilimpa ukurasa huo kabla ya chaki. Wengine waliacha kozi, na sikuwalilia.

Waasi wengine walikuja baadaye, vita ikafika Kibati, tukakimbia. Mlima ukapasuka tena, tukakimbia tena. Mara zote mbili niliacha brevet yangu ukutani nikabeba karatasi ile.

Mwezi uliopita mmoja wenu alinionyesha kwenye simu silabusi yangu, yote, na jina la mtu mwingine kwenye jalada. Nilikasirika sana. Siku hiyohiyo nilikuwa nakwenda kumsomea Mama Furaha haya mliyosoma, nikamlalamikia kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho, mjukuu wake wa nne mgongoni.

"Na wewe," aliuliza, "ule aliandika kitabu ya Ubelgiji, ulimuombaka ruhusa?"

Nikakunjua karatasi zangu, nikaanza kumsomea. Alicheka, akanikatiza, akanirekebisha. Kisha akaniambia nibadilishe. Kwa hiyo msiende Kibumba kutafuta mama mrefu mwenye pengo, mtasumbua mtu wa watu. Hatoki Kibumba. Binti yake haitwi Furaha. Pengo alilichagua mwenyewe, na kabichi pia, baada ya kuzikataa karoti na viazi. Sahihi yake niliyowaambia iko kwenye ukurasa ule nimeifunika kwa wino, kwa amri yake, kabla sijauacha kwenye droo ya meza yangu, ambayo sasa ni yenu.

"Na kikapu?" nilimwuliza. "Nibadilishe nacho?" Kusema kweli nilitumaini.

"Hapana," alisema. "Kitunga uache vile ilikuwa."